Kichwa cha Samaki Kilichomwelekea Bibi

Safari hii nilifika Stockholm kwa tiketi niliyojinunulia mwenyewe, nikalala hoteli ya katikati ya mji, na asubuhi wenyeji wangu wakanitumia gari. Nayasema haya, ndugu yangu, kwa kujivuna kidogo, maana sioni ubaya wa mtu kujivunia jasho lake. Jiji hili lilinilea nikiwa mtoto wa wakimbizi. Nilifagia ofisi zake huku nikisoma, nikaondoka na diploma ya uhandisi wa maji, nikarudi Bujumbura wakati wenzangu wakinicheka kwamba nimekimbia asali nikafuata nyuki. Leo baadhi yao wananitumia ndugu zao niwape kazi. Kampuni yangu inafunga pampu za visima kutoka Rumonge hadi Ngozi, na wenyeji walionitumia gari ni wauza pampu wanaoitaka saini yangu.

Jioni wakanipeleka mgahawa wa Kichina unaopika chakula cha jimbo la Sichuan. Meza ya duara, na katikati yake kioo kinachozunguka ili kila mtu afikiwe na kila sahani. Mhudumu akaleta samaki mzima ndani ya mafuta mekundu ya pilipili, akakizungusha kioo taratibu mpaka kichwa cha samaki kikanitazama mimi.

"Kinamwelekea mgeni wa heshima," akasema mwenyeji wangu. "Mhandisi, tunakusubiri wewe uanze."

Wote wakaweka vijiti chini. Hapo ndipo ningepaswa kutabasamu, maana heshima ile niliitolea jasho. Lakini vijiti sikuvigusa. Kichwa kile tulikwisha kuonana nacho.

Tulikaa Vårby gård, upande wa kusini wa Stockholm, kwenye laini nyekundu ya treni. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko lisilo na mlango, linalotazamana na sebule uso kwa uso. Baba aliendesha basi usiku, mchana akilala kwenye kochi la sebuleni. Mama alihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi nilivaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikitoka shule nilifungua mlango polepole, nikavua viatu, nikanyata kumpita baba, nikala mkate baridi nikiwa nimesimama. Sikumbuki kama nilikuwa na huzuni. Nakumbuka tu ubaridi wa ule ufunguo kifuani.

Kisha bibi akaja, mama yake mama, kututembelea kutoka Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa. Tangu siku hiyo mlango ulifunguka kabla sijagusa kitasa. Alinivua viatu, akanisugua vidole vya miguu kwa mafuta, akaniwekea maharage yaliyoungwa na mawese na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyonunuliwa ikiwa imeganda kama tofali. Nikimjibu kwa Kiswidi, alicheka. "Hiyo lugha ya kumwitia paka," alisema. "Nijibu kama mtu aliyezaliwa." Kiswahili hiki ninachokuandikia, mengi yake niliyapata kitandani kwake, maana tulilala chumba kimoja.

Mama alitaka abaki moja kwa moja. Aliuliza ofisi ya uhamiaji, akaambiwa njia ipo, ndefu lakini ipo, ila sharti mzee mwenyewe akubali. Bibi akasema, "Nitawajibu kabla theluji haijaisha." Kwangu mimi jibu hilo lilikuwa ndilo maisha. Likiwa ndiyo, mlango utafunguka kila siku. Likiwa hapana, ufunguo utarudi shingoni.

Tatizo lilikuwa chakula. Kwetu, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Hafungui kinywa akamwonyesha meno yakitafuna. Kule Rumonge jambo hili halikumsumbua mtu, kwa sababu kulikuwa na ua, jiko la nje, nyumba ya jirani. Kila mmoja alikuwa na pa kujisitiri. Vårby gård hapakuwa na pa kujisitiri. Baba amelala sebuleni, jiko liko wazi mbele yake, na bibi yuko chumbani akisubiri baba akorome. Hata akikoroma, bibi hakumwamini usingizi. Alikula vitonge viwili vitatu akiwa amegeukia ukuta, sahani imefunikwa kitambaa, kama mtu anayeiba. Alianza kukonda. Kitenge alichokuja nacho kikawa kinamzunguka mara mbili.

Jirani yetu Mkongomani, mama mcheshi aliyependa kuingia bila kubisha, alimtania: "Maman, huku Ulaya hakuna mkwe, kuna hita tu! Kula!" Bibi akamjibu, "Hita haijaoa mwanangu."

Baba aliumia kuliko wote. Nilimsikia akimwambia mama, "Watu watasema nimempa mama yako kitanda nikamnyima chakula." Alijaribu kulala chumbani kwao mlango ukiwa umefungwa, bibi akasema anasikia pumzi zake. Alijaribu kukaa nje kwenye bustani. Majira ya baridi yakamrudisha.

Ndipo likamjia wazo la mgahawa. Dereva mwenzake alikuwa Mchina wa Sichuan, na shangazi yake alikuwa na mgahawa mdogo vituo vichache kutoka kwetu, ambako samaki waliletwa mezani wakiwa wazima. Bibi, mtu wa ziwani aliyekua akila mukeke, samaki wa ziwa lile, alikuwa amewadharau samaki wa Kiswidi waliokatwa mraba. "Samaki asiye na kichwa," alisema, "utamjuaje kama alikuwa mzima?" Baba akaona amepata dawa.

"Mama, karibuni tukale nje," alimwambia, kwa ule wingi wa heshima, macho yake yakiwa chini. "Kule si kwangu, si kwenu. Sote ni wasafiri. Msafiri hula anapokuta."

Bibi alikaza fundo la kitenge. "Msafiri hubeba mzigo wake, mwanangu," akasema. "Lakini haya, twendeni tukamwone huyo samaki."

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na giza lilikwisha kuingia kama ilivyo kule Desemba. Ndani ya mgahawa mlikuwa na joto, mvuke kwenye vioo vya madirisha, harufu ya tangawizi na pilipili ile inayotia ganzi ulimi. Mwenye mgahawa alikuwa mama mnene mwenye aproni, Kiswidi chake kibovu kuliko cha mama. Alipomwona bibi, mvi na kitenge, alimshika mikono yote miwili kama dada yake. Baba alikaa pembeni kabisa, uso ameutazamisha mlangoni. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Bibi hata aliionja harufu kwa pua akasema, "Hawa ni watu. Wanajua pilipili."

Kisha samaki akaja. Mwenye mgahawa akakizungusha kioo mpaka kichwa kikamwelekea bibi, akarudi nyuma hatua moja, akafumbata mikono juu ya aproni.

"Mkubwa kwanza," akasema. "Yeye akila, wote mnakula. Yeye asipokula, hakuna anayekula."

Mama akatafsiri kwa sauti ndogo. Tukakaa. Mwenye mgahawa alisubiri kwa heshima ya kwao. Bibi hakuinua mkono kwa heshima ya kwetu. Mafuta yakaanza kuganda ukingoni mwa sahani. Sijawahi kuona heshima mbili zikikabana koo namna ile. Mama alitazama kitambaa cha meza, na mimi nilimtazama samaki nikimwomba Mungu amguse bibi mkono.

Baba akainuka ghafla. "Lo! Nimesahau kuzima taa za gari."

Hatukuwa na gari. Tulikuja kwa treni. Akatoka, koti lake likibaki kwenye kiti.

Mlango ulipofungwa, bibi alinawa vidole kwenye bakuli la chai, akakivunja kichwa cha samaki na kukila. Alikula, ndugu yangu! Alikula jicho, akala shavu, akafyonza mifupa, akaniwekea mnofu kwenye wali wangu. Pilipili ilimtoa machozi, naye akacheka. Mimi nilijua moyoni kwamba anabaki. Katika mawazo yangu nilikwisha kuutupa ule ufunguo mtoni.

Halafu akaupangusa mvuke dirishani kwa kiganja, sijui kwa nini.

Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, ndani ya theluji, mikono kwapani, akirukaruka kama kuku. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Hakutaka hata kwa bahati mbaya amwone mama mkwe wake akitafuna.

Bibi akaweka mfupa chini. "Mwiteni mtoto wa watu aingie," akasema.

Alipoingia, masharubu yana barafu, bibi alikwisha kuvuta kitenge hadi puani na kugeukia ukuta. Baba akala peke yake, harakaharaka, kama mtu aliyeadhibiwa. Mwenye mgahawa akamwuliza mama, "Wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

Yule mama akatikisa kichwa. "Heshima yenu ina njaa," akasema, akaenda kuleta chai.

Ndani ya treni ya kurudi, theluji ikiwa ndiyo kwanza inaanza msimu wake, bibi alitoa jibu lake. Alimwambia mama, lakini kwa sauti ya kufika alipokaa baba. "Mkwe wangu ni mtu mwema. Ndiyo maana naondoka. Nikibaki, mmoja wetu atakufa, mimi kwa njaa au yeye kwa baridi."

Aliondoka kabla ya Pasaka. Mama hakumsamehe baba upesi. "Ungekaa tu!" alimwambia miaka mingi baadaye, wakiwa wamegombania jambo jingine kabisa. "Ungekaa mbele yake mara moja akila, angelia, angezoea, angebaki!" Habari ya kifo cha bibi ilitufikia kwa simu, kadi ya simu ikaisha katikati ya kilio, na mama akabaki ameshika mkono wa simu. Baba alivaa koti akatoka nje. Sijui alisimama wapi.

Nyumba yangu ya Bujumbura niliichora mwenyewe. Ina vyumba viwili vya kulia chakula, kila kimoja na mlango wake na uzio wa maua katikati. Mafundi walinicheka, nikawaambia anayelipa ndiye anayechora. Lakini mama mkwe wangu, Mungu ampe maisha, hula nami meza moja, simu mkononi, na akipenda nyama yangu huichukua kwenye sahani yangu. "Mwanangu, usinune, nyama haina jina," husema, tunacheka. Ni mtu mwema. Chumba cha pili nimeweka vipuri vya pampu.

Wenyeji wangu walikuwa bado wanasubiri. Samaki alinitazama.

"Samahanini," nikawaambia kwa Kiswidi changu safi. "Nimesahau kuzima taa za gari."

Walitazamana, maana walinileta wao. Nilitoka bila koti, nikavuka barabara, nikasimama nikiupa mgahawa mgongo, mikono kwapani. Baridi ilikuwa ileile. Nilisimama kwa muda ambao mzee mmoja angemaliza kichwa cha samaki bila haraka.

Nilipogeuka, niliwaona dirishani. Walikwisha kuanza kula. Kioo kilikuwa kinazunguka, wanacheka, vinywa wazi, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyehitaji mgongo wangu.