Mkono wa Dawa ya Moto

Dawa ya kuungua nyumbani kwetu Michenzani haikuwa na bei. Aliyepona alimsomea Fatiha marehemu bibi yetu aliyetuachia, basi. Mimi ndiye niliyetwanga majani na kuyachemsha tangu usichana wangu. Kitu cha mwisho mama alikitia mwenyewe, kanipa mgongo. Siku ambayo angenitajia kitu hicho na kunishika mkono, dawa ingekuwa yangu. Bila mkono dawa haishiki, ndivyo tulivyolelewa.

Kaka yangu alisoma Ulaya, akaajiriwa huko na kampuni ya dawa. Miaka ya tisini alikuja likizo, akala pweza wa mama, akaomba mkono. Mama alimpa siku ileile. Mtoto wa kiume kaja kwa ndege, nani amnyime? Mimi niliambiwa nitapewa baadaye.

Likizo ya pili alikuja na habari kwamba kampuni imeyaandikisha majani yetu kuwa uvumbuzi wake.

"Haki hiyo ina umri, mama," alieleza. "Ikikaribia kwisha, tutaandikisha namna ya kuyachanganya na mafuta, tuanze upya. Lakini kile cha mwisho hatukiandikishi. Ukikiandikisha, kila mtu anakisoma. Nnakuomba usimtajie mtu."

"Hata mdogo wako?"

"Kwa sasa, mama."

Nilikuwa nimekaa palepale, kinu mbele yangu. Hakunitazama.

Kila likizo alirudi na "kwa sasa" yake. Nilipomuuliza mama, alijibu, "Nshampa ahadi mwanangu." Nilitaka kumuuliza mimi ni mwana wa nani, nikameza. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawasemi kwamba nguo yenyewe umeifua wewe na kuipiga pasi.

Mama alifariki ghafla, kwa presha, na ahadi ya kaka akaenda nayo.

Siku ya hitima yake, watu walipokuwa wakitawanyika, jirani aliingia na mtoto aliyemwagikiwa na chai ya moto. Alinijia mimi moja kwa moja. Sikuwa na cha kumpa. Kaka akafungua mkoba, akatoa tyubu ya kampuni yao, akampaka mtoto mkono mzima.

Mtoto alinyamaza. Jirani akainua mikono amsomee bibi yetu, kama ada.

"Hapana haja, Bi," kaka alimwambia. "Hii ya kampuni."

Fatiha niliisoma mimi. Yeye sijamsamehe.