Kadhi wa Makobe

Abbasi, fundi magodoro wa Kanyenye, alikuwa na huruma kupita kiasi. Kuku wakipigana mbele ya banda lake, aliiacha pamba ikipeperuka, akaenda kuwaamua. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na tangu hapo huruma yote ile ilikosa pa kutua, ikawa inawaangukia kuku.

Mvua za kwanza ziliponyesha, akashikwa na hamu ya mchicha. Sokoni ulikuwa tele, lakini yeye alipanda baiskeli hadi Ipuli kwa Bi Kuluthumu, mjane aliyelima bustani kando ya bwawa. Leo fungu, kesho fungu, na mtu mwenyewe anaishi peke yake!

"Fundi," Bi Kuluthumu akamuuliza Ijumaa moja, "huo mchicha unakula, au unajazia magodoro?"

Abbasi akacheka kwa haya, akakwepesha macho, yakaangukia bwawani. Kobe mmoja wa majini alikuwa akiogelea mbio, na wa pili akimwandama, akimnusa mkiani na kumng'ata miguu. Wa mbele akikata kona, wa nyuma naye huyo. Mwishowe akampanda mgongoni, akaling'ang'ania gamba kwa kucha, akawa anatikisa kichwa na kumpulizia mwenzake maji ya pua usoni.

"Anamuua!" Abbasi akapiga kelele.

"Nani? Fundi, ngoja!"

Hakungoja. Aliingia majini na kanzu yake ya Ijumaa, akawakamata wote wawili, akawatenganisha. Makobe wale wakibughudhiwa hutoa uvundo, na siku hiyo hawakumbania. Alipotoka, hata nzi walisita kumsogelea.

Bi Kuluthumu alikuwa amekaa chini juu ya tuta, anafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga. "Mtu mzima wewe! Wale walikuwa wanapendana, nawe umewavunjia nyumba!"

Habari ilifika Kanyenye kabla kanzu haijakauka. Wakamwita Kadhi wa Makobe. "Kadhi, leo umetoa talaka ngapi?" wapita njia waliuliza. Abbasi aliinamia sindano yake, na hamu ya mchicha ikakatika ghafla.

Baada ya siku kadhaa, Bi Kuluthumu mwenyewe akatokea bandani. "Wateja wangu wote wamekuulizia," akasema, kisha akapunguza sauti. "Hata mimi. Njoo, wamerudiana."

Walikaa ukingoni mwa bwawa. Yule dume alikuja tena kwa kunusanusa. Jike akageuka, akamng'ata, akazama kwenye tope. Dume akazunguka, akarudi. Akang'atwa tena.

"Hataki," Abbasi akanong'ona, moyo ukimuuma kwa niaba ya dume.

"Akiwa hataki utamwona hivyo, anang'ata au anajificha. Tulia."

Safari iliyofuata jike hakukimbia. Alibaki pale pale, kichwa nje ya maji, na dume akapanda taratibu. Abbasi akageuza uso kwa adabu.

"Mimi, Bi Kuluthumu," akasema akitazama mawingu, "kumwandama mtu namna ile siwezi."

"Nani kakwambia uniandame? Nina kaka, Twalibu, mwenye duka la khanga. Nenda mchana, watu wakuone."

Alikwenda. Twalibu akamkaribisha chai, akamwacha atokwe jasho mpaka kikombe kikaisha, ndipo akauliza, "Umempendea nini dada yangu?"

Maneno yote mazuri aliyoyaandaa njiani yakamtoroka. "Ananicheka," akasema Abbasi. "Nami akinicheka, naona raha."

Twalibu akamjazia kikombe tena. "Basi, shemeji, hutaishiwa raha. Yule alianza kunicheka mimi kabla hajaota meno."

Ndoa ikafungwa pale Ipuli mvua zikiwa bado zinanyesha, na bibi harusi alicheka mara mbili mbele ya shehe.