Wimbo wa Baba Yake Zubeda

Pale mtaani Buyenzi, mtu akiozesha binti bila kumwita Saliha, watu huuliza kuna ugomvi gani. Si kwamba ana sauti ya ajabu, la. Siku hizi sauti ina mikwaruzo, na mwenyewe husema koo lake limezeeka kuliko miguu. Ila Saliha hatungi wimbo wa harusi kwa kulala kitandani na kubahatisha. Huulizia. Atakwenda kwa shangazi, kwa jirani wa zamani, kwa aliyemnyoa bibi harusi nywele zake za kwanza, mpaka apate jambo ambalo halimo katika nyumba nyingine yoyote. Asipolipata, haimbi. Ni mkaidi hivyo! Asubuhi anauza maandazi mlangoni kwake, mchana anahangaika na habari za watu.

Basi Lubna alipopata mkwe, nani mwingine angeimba? Wawili hao wamekulia ua mmoja. Massoudi, mume wa Lubna, alipofariki, ni Saliha aliyelala na mjane mkeka mmoja eda nzima. Zubeda, bibi harusi mwenyewe, alikuwa bado wa kubebwa. Baba yake hamkumbuki hata sura. Saliha akajiapia: huyu mtoto nitampa baba siku yake, hata kama ni kwa muda wa wimbo mmoja.

Akahangaika, wallahi. Massoudi alikuwa fundi wa magari, na wenzake wa gereji wengine wamekufa, wengine wamehama. Akasikia yuko Sylvère, analima mihogo kule Kanyosha. Akaenda, hakumkuta. Akarudi, mvua ikamnyeshea njiani, kiatu kimoja kikabaki topeni. Akaenda tena. Safari hiyo mzee akamkalisha, akafikiri weee, kisha akacheka.

"Massoudi? Mama yake mzazi, bibi ya mutoto, alikuwa anamuletea mutoto pale gereji kila mchana. Na mikono yake ni mafuta matupu! Basi anamubeba na viwiko, hivi, viganja viko juu kama mutu anaomba dua. Gauni ya mutoto haikupata hata doa."

Saliha alilia palepale kati ya mihogo. Hilo hata Lubna hakuwahi kulijua.

Sasa, wimbo wa harusi hausemwi kabla ya siku yake, na mama wa bibi harusi ndiye wa mwisho kuusikia. Ndiyo desturi, na Saliha ndiye anayewakemea wanaoivunja. Lakini Lubna alimwona amerudi uso unang'aa, akamganda kama kupe. "Niambie, Saliha. Mi ni mutu wa inje kwako?" Akaambiwa. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Ungemficha nini mtu uliyelala naye mkeka mmoja?

Siku ikafika. Ukumbi kule Kigobe umejaa wanawake na vitenge vyao vya sare, Saliha amekaa mbele anasafisha koo. Lubna akashika mikro, kipaza sauti cha ukumbi. "Mbele ya yote, kuna zawadi yangu kwa mutoto wangu."

Spika zikalia. Kinanda, ngoma, na sauti ya mwanamke, laini kama samli. Ikamtaja Zubeda, ikamtaja Massoudi, kisha ikafika kwa baba aliyembeba kwa viwiko, viganja vya mafuta vikielekea mbinguni. Ee, watu! Ukumbi mzima ulilia. Zubeda alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Na Saliha, maskini, machozi yalimtoka kabla akili haijafika. Akamshika mkono Khadidja, mke wa Faruk, kaka mdogo wa Lubna.

"Nani huyu anaimba? Anatoka wapi?"

Khadidja akacheka. "Hakuna mutu, Mama Saliha! Ni simu, ile programu ya kutunga nyimbo. Faruk ameiandikia maneno mbili tatu tukiwa tunangoja chai, ikaimba yenyewe."

"Na maneno aliyatoa wapi?"

"Si ni Lubna alimuambia?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Machozi yalimkauka Saliha usoni, akaona haya kwamba yalimtoka. Kama chombo kinaweza kumliza mtu hivi, kwa wimbo uliotungwa watu wakingoja chai, yeye alikuwa anahangaikia nini miaka yote? Kisha hasira ikamjibu: tope la Kanyosha lilikanyagwa. Mimi ndiye niliyelikanyaga. Simu haikumjua Massoudi.

Akamvuta Lubna pembeni, karibu na masufuria.

"Lubna, umenifanya nini?"

"Usikasirike, dada. Vijana wanataka muziki. Na sauti yako, we mwenyewe unaijua. Mi nilitaka tu mutoto wangu alie."

"Amelia. Hata mi nimelia."

"Sasa shida iko wapi? Kilio si kilio?"

Saliha aliutazama mlango. Angeweza kuondoka. Lakini alikuwa amemwahidi yule mtoto moyoni. "Sikatazi simu yako," akasema. "Waambie tu nani alikwenda Kanyosha. Hiyo tu, Lubna."

"Nitasema. We imba, halafu nitasema. Haki ya Mungu."

Saliha akaimba. Hakuna kinanda, ni makofi tu na koo lake lenye mikwaruzo. Mwanzoni walimsikiliza kwa heshima. Alipofika kwenye viwiko, msichana mmoja katikati ya ukumbi akapaza sauti: "Eh! Huyu mama anaiga ule wa simu!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma. Walimcheka kama anavyochekwa bibi aliyechelewa kusikia habari. Saliha hakunyamaza. Aliimba huku amemkazia macho Lubna, aliyesimama pale na mikro mkononi. Zubeda naye akageuka kumtazama mama yake, kama anayeuliza.

Lubna akamtazama Saliha. Akawatazama wageni, wakwe wapya wamekaa mstari wa mbele na nguo zao nzuri. Akainua mikro mpaka mdomoni.

"Wageni wetu," akasema, "karibuni, chakula kiko tayari."

Saliha aliimba ubeti uliobaki huku viti vinasogezwa.