Nilimtua, Sikumtwika

Sifa zote ni za Mungu, anayetulinda tutokapo na tuingiapo, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili na subira ya kuibeba. Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, wala sikuwa nimelala. Anayetaka kucheka na acheke. Wenzangu walicheka kabla yake.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Kwaya ya shule yetu ya misheni ilialikwa mji wa Usumbura, ng'ambo ya mpaka, kwa Wabelgiji. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne na mwalimu wetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mpaka. Mimi niliitaka safari ile kuliko chakula. Stesheni ya Tabora mwalimu alituonya: "Gari likipiga honi, asiyekuwamo ndani anarudi kwao kwa miguu. Karatasi ya mpakani ninayo mimi, na jina lake nitalikata."

Tulikuwa tumekesha tukilingoja gari moshi. Lilipofika lilikuwa limejaa, tukasimama njia nzima. Tulipopita Usoke, injini ikaharibika porini. Saa zikapita. Joto likatunyamazisha hata sisi wanakwaya. Mwishowe mwalimu akaniruhusu nishuke na ndoo, kwa maana kijito kilionekana karibu, kando ya njia ya zamani ya misafara ya wapagazi.

Hapo ndipo nilipomkuta mtu mzima amesimama, amejifunga kaniki iliyochakaa, na mzigo mrefu wa mkeka kichwani. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nitue."

Ungefanya nini? Kwetu mwenye mzigo akikuomba umtue, huulizi. Nikaweka ndoo chini, nikaupokea mzigo. Niamini, ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Nikauegemeza kwenye mti. Yule mzee akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeingoja nafasi hiyo miaka mingi.

"Wenzangu wamepita hapa?" akauliza.

"Hapa lipo gari moshi tu, babu."

"Silijui. Basi nitwike, niwafuate."

Unyamwezini kila mtoto anajua: aliyekutua ndiye anayekutwika. Humwachi mtu na mzigo chini. Nikainama kuushika. Honi ikalia.

Nikamwambia, "Nakuja, babu." Nilijua siji. Nikaiacha hata ndoo, nikakimbia. Nyuma yangu nikamsikia akisema, bila hasira, kwa uchovu tu: "Umenitua, mwanangu. Nani atanitwika?"

Walinivuta ndani gari likianza kwenda. Rafiki yangu Zakaria alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Wewe bwana, ile ngoma gani uliyokuwa unatuchezea kule? Mikono juu, mikono chini, peke yako!"

"Peke yangu? Na yule mzee?"

"Mzee gani? Hata maji hukuleta, sasa unatuletea mzee!"

Wote wakacheka. Nikachungulia dirishani. Niliuona mti na ndoo yetu. Hapakuwa na mtu, wala mzigo.

Mama mmoja Mnyamwezi aliyekuwa ameketi karibu, kuku wake mapajani, hakucheka. Akaniuliza polepole, "Ulimtwika?"

"Hapana, mama."

Akageuzia uso upande mwingine. "Basi unao wewe."

Kabla hatujafika Kaliua, shingo yangu ilikuwa imeanza kuinama.

Usumbura nilifika, ndugu yangu. Niliimba nikitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo, kila alasiri uzito ule hunishukia kichwani, na hukaa mpaka jua lizame. Madaktari wamenipima, hawaoni kitu. Mara tatu nimetoka Usoke kwa miguu hadi pale kijitoni, nikasema kwa sauti, "Babu, nimekuja kukutwika." Hakuna aliyeitika. Nimemwomba Mungu msamaha, na naamini amenisamehe. Ila mzigo hakuuondoa, nami namshukuru hata kwa huo, kwa kuwa umenifundisha kutomkimbia mtu.

Nawe unayesafiri, usianze wema ambao huna nafasi ya kuumaliza. Ukimtua mtu, mngoje umtwike, hata gari likuache. Lingine litakuja.

Mungu akubariki wewe usomaye, akupe njia nyepesi, na ukichoka akupe mwenzio wa kukupokea na kukuinua. Amina.