Mfagiaji Aliyeacha Kufagia

Jua ndiyo kwanza linachomoza, naye anasukuma toroli lililojaa kinyesi cha tembo huku akiimba. Anaingia kwenye njia pana iliyojengwa chini ya barabara kuu, anashika beleshi na kumwaga fungu hapa, fungu pale, kwa uangalifu wa mtu anayepamba sebule.

"Usizibe pua, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Hapa ni ofisini kwangu."

Wenzake humwita Mama Usafi. Ndiye mtunzaji wa kivuko hiki, kilichojengwa ili tembo wanaofuata ushoroba wao, njia yao ya tangu zamani, kwenda mtoni wasikatize tena katikati ya magari. Mumewe ni dereva wa lori kwenye barabara hiyohiyo. Mwaka juzi alimkwepa tembo, lori likapinduka, akavunjika mguu. Mama huyu alipopata kazi hii, aliishika kwa mikono miwili.

Aliishika kupita kiasi. Kila asubuhi alifagia, akapiga deki, akamalizia na sabuni yenye harufu ya limau. Pakang'aa kweli. Tembo walifika, wakanyoosha mikonga, wakageuka na kupanda barabarani kama zamani.

"Nikasema, hawa wanaringa nini? Nikaongeza sabuni!" Anacheka hadi anashikilia ukuta.

Miezi ikapita. Wakubwa wakaanza kuzungumzia kukifunga kivuko. Ndipo askari wa wanyamapori alipokuja, akanusa ile limau na kushika kichwa.

"Dada, tembo hufuata harufu ya wenzao. Wewe umewafutia njia!"

"Nililia, jamani," anakumbuka. "Niliona kama mguu wa baba watoto nimeuvunja mimi."

Kesho yake akaomba toroli. Haikuchukua muda, wakavuka asubuhi kweupe: jike kubwa mbele, ndama akimng'ang'ania miguuni. Mama Usafi alijibanza nyuma ya nguzo, akicheka na kulia kwa pamoja. Tangu hapo wanapita kila wiki.

Tunapotoka nje ya kivuko, juu yetu barabarani lori linakaribia na kuwasha taa mara mbili. Ni mumewe. Zamani alimsalimia kwa honi, lakini honi huwashtua tembo. Mama Usafi anainua beleshi kumjibu.

"Siku hizi hanisogelei mpaka nioge," anasema. "Lakini akipata likizo namleta hapa, ajibanze nami nyuma ya nguzo. Mpaka leo akilala anawaota tembo wakimjia mbele ya lori. Nataka awaone wakienda zao."