Mkwe Hapokelewi Chali

Nikisikia harufu ya dawa ile nyeupe ya kuoshea sakafu, namwona baba amelala chali. Nilikuwa na miaka kama tisa, Wazungu bado wanachimba dhahabu Geita, na jiwe lilimwangukia baba mgodini likamvunja mgongo. Tulimfikisha hospitali ya misheni vidole vya miguu bado vinacheza. Daktari alisema, dresa, yule mfunga vidonda wake, akatutafsiria: apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe, na huenda akafia mezani, au alale juu ya ubao miezi mitatu, mfupa ujiunge wenyewe, asiinuke hata kidogo. Mama hakuulizwa. Aliyeamua ni baba mkubwa.

"Ndugu yangu si ng'ombe wa kuchanwa," alisema. "Alale. Kulala ni kazi gani? Hata mlevi anaiweza."

Baba akacheka. Dresa akamkataza kucheka.

Mama alirudi shambani, mimi nikabaki kumlisha uji kwa kijiko, kumfukuzia nzi na kumgombeza akitaka kujigeuza. Nilijivuna kweli, mwanamume mzima ananitii. Mwezi wa pili ulipoanza, bibi, mama yake mama, akaja kwa miguu na kibuyu cha maziwa. Kwetu Wasukuma mama mkwe hapokelewi umelala. Hata njiani baba alikuwa akimpisha, anaingia vichakani. Si daktari, si dresa, si baba mkubwa, hakuna aliyelifikiria hilo. Nami nilipomwona mlangoni nilifurahi, nikasema, "Baba, bibi huyo." Laiti ningenyamaza. Baba alijikaza kwa viwiko, akainuka. Nilimshika bega, lakini mkono wa mtoto ni nini? Bibi alishajifunika uso kwa kanga, anarudi nyuma: "Lala, mkwe wangu, lala." Hakulala. Aliketi, akamsalimia vizuri, "Mwangaluka, mayu," akamaliza salamu yote. Ndipo akaniuliza polepole, "Miguu yangu imekwenda wapi?"

Heshima si utumwa, wanasema. Baba aliishi miaka kumi na mmoja ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, na hakuna aliyemlaumu. Walisema alifanya la kiume. Hata mimi namwonea fahari mpaka leo, na fahari hiyo inaniuma.

Mwaka jana mume wa binti yangu alianguka shimoni kule Katoro, mgongo vilevile. Siku hizi wana picha zinazoonyesha kila ufa, na mgonjwa anaulizwa mwenyewe. Akachagua kupasuliwa, wakamtia vyuma. Mimi nilikaa kwenye benchi nje siku nne, sikukanyaga wodini. Binti yangu akanuna: "Mama, mambo hayo yamepitwa na wakati." Nikamwambia yamepitwa kwako. Sasa mkwe wangu anatembea kwa fimbo. Nilimuuliza daktari wake, kijana mpole, kama baba angepasuliwa angetembea. Alifikiri sana, akasema huenda, au huenda angefia mezani. Nikamwambia, mwanangu, hilo hata dresa wetu alilijua.