Picha Tuliyopeleka Majuu Ilirudi Makongeni

Nimekosa. Wacha nianze hapo, maana nikianza kwingine nitajitetea, na sina cha kujitetea. Niliambiwa siri ya mtu anayewindwa, nikaapa kwa watoto wangu kwamba sitaitoa, kisha nikaitoa. Tena sikuitoa kwa jirani, niliitoa kwa dunia nzima!

Jina langu nalificha, hata kwa gazeti hili. Si aibu peke yake, ni woga. Yule anayemwinda bado anatembea. Rafiki yangu nitamwita Nduku, na hilo si jina lake. Angalau hilo nimejifunza. Lakini Wafula ni Wafula, na Kevo ni Kevo, na wakisoma haya wajue nimewataja kusudi. Wacha na wao wakose usingizi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu. Shule niliachia darasa la tano. Bwanangu anafanya kazi reli, ndiyo maana tunakaa Makongeni, kwa nyumba za reli, na mimi nilikuwa nauza supu ya matumbo Soko la Burma. Nasema nilikuwa, kwa sababu mkono wangu wa kulia siku hizi haushiki kisu.

Mtaniuliza, mama wa matumbo na badminton ni wapi na wapi! Ukumbi wa estate yetu una mistari ya mchezo huo sakafuni, ilichorwa zamani za wakoloni. Wafula, ambaye ni karani, akatafuta wavu akatuanzishia kilabu. Raketi zilikuwa chache, za kupokezana. Vile vimipira vya manyoya, sisi tunaviita vinyoya, vilikuwa vimeng'oka nusu. Ukikipiga kinaenda upande kama kuku mlevi. Lakini Jumamosi saa nane nikishavaa raba zangu, harufu ya matumbo nimeiacha Burma, nilikuwa mtu mwingine. Haki ya Mungu nilikuwa na furaha.

Nduku alitujia na begi moja na mtoto wa kike. Alikodi chumba kwa jirani yangu. Kwa mchezo alitushinda sisi sote. Alikuwa anaruka! Lakini alivaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na mlango wa ukumbi ukilia tu, anaacha kinyoya kianguke anaangalia ni nani ameingia.

Siku moja tukibadilisha nguo nikauona mkono. Alama ya pasi. Pasi yenyewe, na ncha yake, imelala kutoka kiwiko kushuka chini.

"Dadangu," akaniambia, "huyo ni baba ya mtoto. Alisema nikitoroka tena atamalizia uso. Huku hajui. Nakuomba, usiambie mtu. Hata bwanako."

Hapo ndipo nilipoapa.

Kisha Wafula akaja na maneno ya websaiti. Wengi wetu hatukujua ni mnyama gani. Akatueleza, ni kama ubao wa matangazo ulio ndani ya kompyuta, wazungu wanausoma wakiwa kwao. Ati kuna kilabu fulani cha ngumi kilijitangaza hivyo kikaletewa glavu mpya. Akaniambia twende Buruburu, kuna kijana anaitwa Kevo anajua hiyo kazi. Mimi nilikuwa mweka vifaa wa kilabu, nikaenda.

Kompyuta ilikuwa sebuleni kwa kina Kevo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni. Wafula akasema, Kevo akawa anapiga herufi: sisi ni kilabu, tunacheza Jumamosi saa nane, ukumbi wa Makongeni, mmoja wetu anauza supu Burma, mgeni karibu, raketi hatuna. Kevo akaacha kupiga.

"Buda, hii haitashika mtu," akamwambia Wafula. "Mzungu hasaidii watu wako sawa. Anataka kulia. Nipe stori ya kulia."

Wafula akasema sisi ni maskini.

"Kila mtu ni sufferer. Ingine!"

Wakanigeukia mimi. Tangu tuingie hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nilikuwa nimekaa kwa ncha ya kochi, kikombe cha chai mkononi, naogopa kumwaga. Sasa watu wawili waliosoma wananingoja mimi niseme! Nikaona raha. Ndiyo, nakubali. Niliona raha.

"Kuna mama mmoja," nikasema.

Nikasema yote! Mume, pasi, begi, mtoto. Vidole vya Kevo vinakimbia. Wafula akapiga paja, "Hiyo ndiyo! Hebu rudia ile ya pasi." Na Wafula alijua ni nani, msidanganywe, kwa maana mwenye mikono mirefu kwetu alikuwa mmoja. Hakuuliza kama mwenyewe amekubali. Kevo pia hakuuliza. Na mimi niliyejua kwamba hajakubali, nikamalizia chai yangu.

Jumamosi Kevo akaja na kamera. Kwa picha ya wote Nduku alijificha nyuma yangu. Lakini mchezo ulipopamba moto, Kevo akampiga picha akiwa hewani, raketi juu, anacheka. Nduku akasikia ule mlio wa kamera. Akanijia mbio.

"Hiyo picha inaenda wapi?"

"Inaenda majuu kwa wazungu," nikamwambia. "Nani wa kwenu ana kompyuta? Mbuzi?"

Akacheka. Nilimchekesha, Mungu wangu! Akaniamini, akarudi kucheza.

Na mimi mwenyewe niliamini. Tulidhani majuu ni mahali pa kwenda tu, kitu kikishafika huko kimefika, basi. Hatukukumbuka kwamba huko kuna watoto wetu wamekaa kwa baridi, wanatamani nyumbani, wanatafuta hata picha ya ukuta wa Nairobi waitazame.

Kevo alipomaliza alituita tuone. Simu iliyounganishwa na kompyuta ikalia kama paka amekanyagwa, kisha picha ikaanza kushuka, kidogo kidogo kutoka juu. Nywele. Paji la uso. Macho. Mmeshaenda mochari kutambua mtu? Yule mhudumu anavyovuta shuka pole pole? Ilikuwa hivyo hivyo. 

"Kevo, toa hiyo."

"Mathe, tulia. Imetoka poa."

"Mama, unataka raketi ama hutaki?" Wafula akaniuliza.

Nikafunga leso yangu, nikaenda nyumbani.

Mtauliza, mbona hukumwambia Nduku siku hiyo hiyo ajipange? Ningemwambia nini? Kwamba nimevunja kiapo? Niliuogopa uso wake kuliko nilivyomwogopa mumewe. Mumewe nilikuwa sijamwona.

Raketi zikaja kweli, sanduku zima, mama mmoja wa ng'ambo aliguswa. Nduku aliibusu yake. Wafula akatia kufuli mlango wa nyuma wa ukumbi, ati wezi wasituingilie, ufunguo akawa anatembea nao mwenyewe. Nikaanza kupumua. Nikasema, kumbe nilijitisha bure.

Kisha Jumamosi moja, adhuhuri hivi, mwanaume akaketi kwa benchi langu pale Burma. Shati safi. Ana kitu kimefungwa gazeti, akakilaza chini ya benchi. Sikushtuka, Burma kila mtu ana kitu kimefungwa gazeti, ni nyama.

"Habari ya kazi, mama." Kwa heshima kabisa. Akaagiza supu na chapati. Akala pole pole.

"Ni wewe unacheza ule mchezo wa manyoya?"

Nikamwangalia. Sikuwa nimevaa raba, sikuwa na raketi.

"Ndugu yangu anasoma Amerika," akasema. "Amenipigia simu. Ati ameona watu wa Makongeni kwa kompyuta, na mmoja anauza supu Burma. Nimeulizia, nikaonyeshwa wewe." Akatafuna. "Kuna mwingine anaruka. Bibi yangu alikuwa anaruka hivyo tangu shule."

Nikajitia napangusa meza.

"Simjui," nikasema.

Akatabasamu. "Sijakuuliza kama unamjua. Niongezee supu, mama. Wameandika mnaanza saa nane. Nina wakati."

Nikamwongezea.  Nikawaza, akiwa hapa anakula, hayuko kule. Nikamwongezea tena bila kuombwa. Meza ya pili kulikuwa na mama wa ndizi, rafiki yangu, ningemnong'oneza tu akimbie Makongeni. Si mbali! Lakini akifika aseme nini? Kwamba mumeo amekuja? Nduku angeuliza, amejuaje? Nikamwacha mama wa ndizi pale alipo. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilikuwa na nafasi ya kumwokoa yule dada, nikaitumia kuokoa jina langu.

Akamaliza. Akanipanguzia hata benchi kwa mkono wake. Akachukua gazeti lake akaenda.

Nilibaki nimesimama kama mlingoti. Halafu nikaacha sufuria kwa moto, nikakimbia na aproni.

Nilimkuta ameshaingia. Wenzangu wameganda ukutani. Nduku alikuwa ameukimbilia ule mlango wa nyuma, anautikisa kwa mikono miwili, kufuli inacheza tu. Na Wafula mwenye ufunguo? Nilimwona kwa macho yangu, yuko nyuma ya pazia la jukwaa, viatu vyake vinaonekana!

"Wafula, ufunguo!" nikapiga kelele. "Wafula!"

Viatu havikusonga.

Yule mtu hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, anavuka mistari, panga limelala kando ya paja, gazeti limebaki sakafuni. "Si umecheza ya kutosha?" anamwambia, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. "Twende nyumbani."

Msinisifu kwa nilichofanya. Si ushujaa. Miguu ilienda yenyewe mpaka katikati yao, mkono ukapanda wenyewe, panga likaushukia. Nilisikia kwanza baridi, halafu sikusikia kitu. Nduku akapita chini ya bega la yule mtu akatoka kwa mlango wa mbele, uuuwi zikaanza, na kina mama wakafungua wavu kutoka kwa nguzo wakamrushia yule mwanaume, akanaswa kama samaki. Akiwa chini amefungwa bado alikuwa anapiga kelele, "Nilikuona kwa kompyuta! Rafiki zako ndio wamekuweka!"

Nduku alikuwa kwenye ngazi, nje. Alisikia.

Alikuja hospitali. Akasimama upande wa miguu ya kitanda. Nikaanza kulia, nikaanza kueleza, akainua mkono kunizuia.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Mtoto naye mlimweka?"

"Ndio."

"Jina?"

"Ndio."

"Na shule?"

Kevo alikuwa ameniuliza shule, ati stori ikae ya kweli, nikamwambia. Nikageuza uso ukutani. Nduku akaelewa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alinivutia blanketi kwa bega, akaondoka. Siku hiyo hiyo alimtoa mtoto darasani. Jirani yangu anasema chumba alikiacha na godoro ndani.

Hata leo sijui yuko wapi.

Na yule mtu? Alisema kituoni kwamba ni maneno ya mke na mume, mahari ameshatoa. Akapata bondi, akaachiliwa. Kesi inasukumwa tu. Mama wa ndizi ameniambia amemwona Burma mara nyingine, anaulizia mama wa supu alihamia wapi. Ndiyo sababu siuzi tena. Nikisikia mtu anakunja gazeti nyuma yangu kwa duka, mkojo unataka kutoka. Mtu mzima mimi!

Ile websaiti bado ipo. Kevo ameenda kusoma ng'ambo, na babake anasema neno la siri la kuifungua analo Kevo peke yake, na Kevo hajibu. Wafula bado anacheza Jumamosi, na raketi mpya. Tukikutana ananiambia, "Mama, pole na mkono." Basi! Na Nduku bado yuko hewani pale, anacheka, na jina la shule chini yake, kwa mtu yeyote duniani mwenye kompyuta.

Ninyi mnaosoma, nisikieni. Atawajia mtu na kamera na maneno matamu, anataka stori ya kuwaliza wafadhili. Mpeni yenu. Ya mwenzako wacha aitoe mwenyewe, ama ife naye. Na kama umeshakosea kama mimi, usingoje. Nenda leo umwambie, "Nimekusema, kimbia." Atakutemea mate. Yapanguse. Aibu haikati kama panga, mimi nimevionja vyote viwili.

Na wewe Nduku, kama gazeti hili limefika huko uliko, usinijibu. Usinitumie salamu, hata kwa mtu unayemwamini. Yule mtu atanipata siku moja, najua. Siku hiyo aniulize uko wapi, nimwambie sijui, na iwe ni kweli.